Chozi Huyu, Chozi Hili

Kamera niliinunua kwa Shebwana, mpiga picha wa harusi
aliyeacha kazi kwa ajili ya magoti.
Miaka kumi na miwili lenzi hii ilitazama hina,
vidani, sinia za biriani, maharusi waliokatazwa kukohoa.
Mabawa haiyajui.
Nayo, kama mimi, inajifunza ukubwani.

Jumapili duka la dawa limefungwa.
Napanda juu ya paa la simiti, Mshomoroni,
mtaa wenye shomoro ndani ya jina
na kunguru juu ya kila waya.
Kunguru hana tatizo. Hukaa, hugeuza shingo,
huuliza upande upi ndio mzuri.
Ninazo picha mia tatu za kunguru.
Dada yangu Mwanahalima aliziangalia zote, akauliza:
"Umefungua ofisi ya vitambulisho?"

Lakini mimi namtaka chozi.

Nyuma ya tangi la maji kuna mpapai dume,
hauzai, unatoa maua tu,
vishada vinavyoning'inia kama shanga zilizokatika uzi.
Mwenye nyumba hutaka kuukata kila Rajabu,
nami kila Rajabu hulipa kodi mapema ili asahau.
Hapo ndipo ajapo, saa kumi na mbili na nusu,
mdomo wake sindano ya kushonea kofia,
kifua kijani, kijani kile cha nzi wa bucha,
ila kwake yeye ni johari.
Ananing'inia, anafyonza,
anasema tsi, tsi, kama mtu aliyeungua kidole,
nami nabonyeza.

Ua.
Ua peke yake, linatikisika.
Ua tena. Mkia. Tangi. Kidole changu.
Ua, na pembeni yake kitu kama wazo.

Nyale, mtoto wa mpangaji wa chini, ana miaka tisa
na manati shingoni.
"Mpige, anti! Mpige sasa!"
Neno letu ni moja, nikamwambia, mimi na wewe tunapiga,
ila mimi nikimpiga, anakwenda zake.
Akafikiri.
"Hata mimi," akasema. "Wote wamekwenda zao."
Tukacheka pale juu, wakosaji wawili,
na chozi akatusikia, akahamia kwa jirani.

Usiku namwambia dada: nimemkosa chozi.
"Anayekosa chozi ashukuru," asema, na kugeukia ukutani.
Ni sarufi tu inayotuokoa:
chozi huyu, chozi hili.
Huyu ana damu, hili lina chumvi,
na wote wawili hawangoji uwe tayari.

Nikakaa kitandani nafuta maua.
Chini kabisa ya kadi, chini ya maua yote,
nikakuta picha isiyo yangu:
bibi harusi, jina silijui, ukumbi siujui,
pazia la kijani nyuma, labda Majengo, labda Kizingo,
na chini ya jicho la kushoto, juu ya wanja,
chozi.
Hili.
Limetulia, kali, zima,
lina taa ya ukumbi ndani yake,
na ndani ya taa, ukilivuta karibu,
Shebwana mwenyewe, kapiga goti.

Nilimpigia simu asubuhi.
Bibi harusi hamkumbuki.
"Wala sikulilenga," akasema. "Nililenga kidani.
Hilo lilishuka lenyewe."

Sikuifuta.

Jumapili hii nimeielekeza kamera kwenye kishada kimoja,
nimeacha kuwinda.
Chai ya tangawizi inapoa juu ya tangi.
Nyale kakaa kimya, manati kayakalia,
ananihesabia maua yaliyofunguka: kumi na moja,
kumi na mawili, hilo bado.
Kunguru kwenye waya anageuza shingo,
ananipa upande wake mzuri.
Ngoja, namwambia.
Wewe nakujua.