Hawa Nawajua

Mama alizaliwa Wete, akaletwa huku Saiq
na mume aliyemwambia, "Kuna baridi, lakini kuna maji."
Hakumdanganya. Mwaka ule yalikuwepo.

Usiku wa kwanza, mita elfu mbili juu ya bahari,
alilia mpaka vyura walipoanza.
Akanyamaza.
"Hawa nawajua," akasema. "Hawa wanasema Kiswahili."

Miaka arubaini amewahesabu kwa masikio
kama wengine wanavyohesabu madeni:
mkubwa wa chini ya jiwe la kufulia,
wawili wa mzizini mwa mkomamanga,
na yule mwenye sauti ya mlango usiotiwa mafuta,
aliyempa jina la wifi yake, Shinuna.

Majirani wakimteta kwa Kiarabu
yeye alijibu kwa lugha yetu, akitabasamu:
makelele ya chura hayamzuii ng'ombe kunywa maji.

Sasa falaji imetiwa saruji, laini kama sahani;
kiluwiluwi hana pa kushika.
Nabhan, wakili wa falaji, anatuonyesha zamu kwenye simu:
ilikuwa nusu siku, sasa dakika arubaini.
Chemchemi imekonda,
na hoteli ya ukingoni mwa genge ina bwawa la kuogelea,
buluu, lenye dawa.
Mmoja tulimkuta mle, tumbo juu,
mweupe kama risiti.

Mtu akaleta visamaki vya kula mbu.
Vikala mbu.
Vikala na zile nyuzi za mayai,
tasbihi nyeusi nilizokatazwa utotoni kuzigusa.

Februari alikuja msichana wa chuo, Rayyana,
na vijiti vya pamba.
Aliosha viatu vyake kwa dawa kabla ya kukanyaga kwetu.
Alisema chura hunywa kwa ngozi, hupumua kwa ngozi,
na kwamba duniani kuna ukungu unaokula ngozi hiyo,
husafiri kwa nyayo, kwa ndoo, kwa wema wa watu.
"Kwenu sijauona. Bado."
Hilo "bado" akalifungia kichupani pamoja na pamba.

Siku tatu, vyura watano.
Mama akauliza, "Na Shinuna?"
Nikafasiri.
Rayyana akapekua daftari lote, kwa heshima,
kama mtu anayetafuta jina la maiti
asilotaka kuliona.

Jana mbuzi alikunywa birikani mpaka akashiba.
Hapakuwa na kelele za kutomzuia.

Na usiku, baridi ya kukata masikio,
nikamwona Mama amekaa juu ya jiwe la kufulia,
shali begani, tochi imezimwa.
Alikohoa kidogo, akasafisha koo,
kisha akatoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

Mara moja tu.
Akangoja zamu ya jibu.