Mashudu

Mei ishirini na mbili, Dakota ya Kaskazini.
Verlyn Haugen kachomeka kipimajoto ardhini
kama anayepima homa ya mtoto.
"Bado," asema. Siku ya nne hii, bado.
Na mimi, mwana wa Singida, naona ni madaha:
kwetu ni shimo, mbegu, kisigino,
shimo, mbegu, kisigino,
mpaka mama aite uji.

Siku ya tano udongo ukakubali.
Mbegu zikaingia kwa hesabu, kina cha vidole viwili,
elfu ishirini na tatu kila ekari.
Mstari ukipinda, Verlyn hashuki kwenye trekta,
anatukana kwa Kinorwe cha babu yake.

Juni tuliua magugu. Julai tuliogopa mawingu,
yale ya kijani, yenye mvua ya mawe.
Zilipokuwa changa zilifuata jua kutwa, shingo laini;
zilipochanua zikaacha, zikaganda mashariki.
Ekari mia tatu zinatazama kwetu.
Sikumwambia mtu.

Agosti magari yalisimama kando ya barabara,
wasichana wenye kofia, simu juu, vicheko.
"Picha hailipi benki," akasema Verlyn.
Jioni ndege weusi wakatoka kwenye matete,
wingu zima lenye midomo.
Mzinga wa gesi ulilipuka kila dakika tano;
wakauzoea, kama sisi tulivyoizoea saa ya ukutani.

Oktoba hakusimama mpiga picha hata mmoja.
Migongo ya vichwa iligeuka manjano, kisha kahawia,
baridi ikamalizia kazi,
shamba zima limeinama, jeusi, baya,
limeiva.

Vumbi la alizeti hushika moto upesi:
nilifuata kombaini na gari la maji,
pua imejaa, macho kwenye eksozi.
Verlyn akapima unyevu: tisa na nusu.
Hakushangilia. Alitia mbegu mdomoni,
akatema ganda,
akanimiminia kiganja kizima.

Usiku nikampigia mama.
Nikamhesabia kwa magunia, maana tani hazimwingii,
nikamwambia treni imeshazibeba.
Akanyamaza. Nikasikia jogoo wake;
kwake kunakucha.
Kisha: "Na mashudu, mnampa nani?"

Sikuwa nimeuliza.