Mpini wa Bi Mize

Alikuja Jadida asubuhi, mkono kaufunika kwa kanga
kama aliyebeba yai.
"Nasikia weye una mashine ichongayo peke yake."
Haichongi peke yake, Bi Mize. Hufanya nililoiambia,
na nikikosea, hukosea vilevile, bila haya.

Akaufunua mkono.
Kidole gumba kimenyooka kama msumari:
mkarafuu ulimtupa, mwaka ule karafuu zilipofurika,
kikaungwa vibaya, hakijakunjika tena.
Miaka thelathini anapaa samaki sokoni Wete
kwa visu vya watu wenye vidole vizima.

Nikamwomba Zuwena donge la unga wa chapati.
"Kamata," nikasema, "kama unakata kichwa cha changu."
Akakamata. Akakaza.
Alipofumbua, mkono wake ulibaki mle:
bonde la kidole cha shahada, tuta la katikati,
na mfereji mmoja ulionyooka
unaokwenda zake, hauwasikilizi wenziwe.

Kalipa haina huruma, ndio uzuri wake.
Ishirini na mbili nukta nne. Thelathini na moja kamili.
Usiku nikakaa na tarakimu za mkono wa mtu,
nikizipanga mstari kwa mstari kwenye kompyuta,
nikiona haya kidogo, kama niliyefungua barua isiyo yangu.

Mashine yenyewe msiicheke:
mota za fotokopi iliyofia afisini,
meza ya mvule, waya kila upande,
na kelele zilizomleta sheha mara mbili:
mara ya kwanza kuuliza visu vya nini,
ya pili kuleta chake kinolewe.

Bapa lilitoka kwenye springi ya Isuzu
iliyochoka kubeba magunia ya Konde.
Nikailainisha kwa moto, mashine ikaila
kidogo kidogo, unene wa ukucha wa mtoto.
Kisha moto tena, kisha mafuta, moshi, kikohozi,
kisha moto wa upole, na ile rangi ya chai isiyokolea
ikitambaa kuelekea makali.
Hapo ndipo uitoe.
Hapo hapana mashine, pana jicho.

Na mpini?
"Mti ninao," alisema siku ile,
akatoa kikapuni kipande kilichofungwa kwa ukindu.
Mkarafuu. Nikamtazama. Akanitazama mpaka nikajua ni upi.
"Ulikauka wenyewe," akasema. "Mie sikuukata."

Imebaki robo, umeme ukakatika.
Si Tukuza iliyoisha; Pemba nzima, kiza.
Ncha ikasimama ndani ya mti
kama mtu aliyesahau neno.
Uliporudi, mashine haikujua ilipo.
Ndivyo zilivyo: zikizimika hupoteza sifuri,
nukta ile ambapo kila kipimo huanzia.

Nikachana karatasi ya daftari la mwanangu la chuoni,
nikaipitisha chini ya ncha.
Nikashusha, nikavuta.
Nikashusha, nikavuta.
Karatasi ikakataa kidogo.
Hapo. Bismillahi. Sifuri.

Lakini mti ulikwishapata kovu, jembamba,
pale ncha iliposita.
Nikasugua kwa msasa mpaka vidole vikaniwaka,
harufu ya karafuu banda zima,
kovu halikuondoka, na mti mwingine sina.

Alipokuja sikumwambia.
Akakishika. Kidole kikalala mferejini mwake
bila kuulizwa.
Akakata hewa mara moja, mara mbili,
kisha gumba likaenda lenyewe, likaligusa kovu,
likarudi, likaligusa tena.
"Na huu," akasema, "umeungwa vibaya."
Akacheka hadi akaketi kizingitini.

Nusu kanipa pesa, nusu pweza.
Tarakimu zake nimeziweka, kikipotea nitachonga kingine.

Lile donge?
Zuwena alilikanda upya usiku uleule, nilipokwisha kupima.
Hatukuwa na unga mwingine.
Chapati tatu. Tukazila na chai,
mkono wa Bi Mize ndani yake.