Tundu la Bakuli, Tongoni

Baiskeli kumi na tano tumezilaza kwenye nyasi,
Kidato cha Pili, jasho hadi soksi.
Kijana wa mambo ya kale anakata stakabadhi
kwa peni isiyotaka kuandika; anaipuliza, anaitikisa,
nami nimeshika kadibodi yangu
yenye mstari katikati: huku Konfusio, huku Lao,
kama mechi ya Mkwakwani.

Nilipanga kuanza na tarehe.
Semkiwa akatia mkono kwenye nguzo ya kaburi,
pale palipokuwa na bakuli la Kichina, pamebaki duara.
"Mwalimu, nani kalibandua?"
Sijui.
Lilivuka bahari kuja kumpamba marehemu wetu,
kisha likaenda zake.

Basi nikaanza na huyo wa kwanza.
Nchi ya Lu, miaka elfu mbili na mia tano na ushei,
wakuu wanaurarua ufalme kama mbwa na ngozi,
na mtoto kafiwa na baba hata hajajua kumwita.
Akakua, akasoma, akazunguka majumba ya watawala,
wanafunzi nyuma yake, viatu vimekwisha,
akiwaambia: tawaleni kwa mwenendo, si kwa kiboko.
Wakamkirimu chakula. Hawakumsikiliza.
Neno lake kubwa, nikasema, msilikariri, mnalo.
Wao huliita ren. Bibi zenu waliliita utu.

Nilipofika kwenye adabu Mwanamvua akacheka,
maana asubuhi nilimrudisha mlangoni arudie shikamoo.
Nikacheka pia. Kidole kile kilichoelekeza mlango
kilikuwa cha baba yangu.

Baba alikuwa karani wa mizani, mkonge, Pongwe.
Robota lililopungua kilo mbili hakuliita robota.
"Liiteni jina lake," alisema. "Hilo furushi."
Msimamizi alimchukia, wakata mkonge walimchukia,
na siku ya mshahara wote walitaka ahesabu yeye.
Nyumbani tulikaa mkekani kwa umri.
Hakujua Lu ni nchi au ni mdudu.

Upande wa pili wa kadibodi:
Lao, mtunza nyaraka za mfalme, ndivyo isemwavyo,
akachoshwa na fitina, akapanda nyati wa kufugwa
kuelekea magharibi, na askari wa lango
akamwomba aache maneno kabla hajapotea.
Wengine husema hakuwa mtu mmoja.
Wengine, hakuwapo kabisa.
"Kama bakuli," akasema Semkiwa.
Sikumjibu. Niliogopa kuliharibu.

Mafundisho yake huitwa Njia, kwao Dao,
nayo haina lami wala kibao.
Mfano nilioandaa ulikuwa wa maji. Nikauacha.
Nikawasimulia mama, alfajiri, unga wa maandazi
kaufunika kanga, na mimi mtoto nafunua,
nabonyeza, nafunua tena.
"Uache," anasema. "Umeshaukanda.
Kazi iliyobaki ni kuuacha."
Siku niliyoshindwa tulikula mawe.

Sikuwaambia mengine:
kwamba siku ya hitima ya baba watu walikaa safu,
wakubwa mbele, viatu vimepangwa mlangoni
kama ambavyo angevipanga mwenyewe,
na mama alikuwa jikoni, unga umefunikwa,
hana haraka, analia.

"Usiguse hapo," kijana wa stakabadhi akaita.
Semkiwa akautoa mkono taratibu.
"Samahani, babu," akaliambia kaburi.
Mimi sikumfundisha hilo.

Tulipokuwa tunaondoka nikaisoma karatasi:
watu kumi na wanne.
Tulikuwa kumi na watano.
Nikarudi na noti mkononi, tuirekebishe.
Peni ikagoma.
Tukakaa kwenye ngazi, yeye na mimi,
tukaisubiri itake.