Waraka kwa Hendrika, Juu ya Kengele

Kengele imefika, dada Hendrika.
Ilishuka Mkoani Jumanne, ndani ya sanduku la mbao,
na bwana forodha akaizunguka mara mbili, kalamu sikioni:
"Niandike chuma chakavu, au chombo cha ibada?"
Mchungaji Silvano akasita. Nikajibu mimi, mweka hazina:
"Andika kile chenye ushuru mdogo."

Basi imeingia Weti kama chuma,
juu ya kirikuu ya muuza saruji,
na paa letu, mabati ya mwaka sabini na nane,
likaitazama, likakataa.
Kilo mia mbili na kumi!
Fundi Hamadi Khatibu ameiundia miguu minne
kwa vyuma vya kitanda cha hospitali,
hapo nje, baina ya tangi la maji na mkarafuu.
Alitoza bei kamili. Jioni akarudi na elfu tano:
"Sukari ya chai ya watoto wenu."
Hakukaa.

Barua yako nimeisoma mara nne.
Kwamba mlibaki saba, kisha wanne, kisha wewe na ufunguo.
Kwamba sasa vijana hulipa kiingilio
wapande kwa kamba ukuta wa madhabahu,
wafike juu, waguse dari, washuke wakicheka.
Unasema hawana ubaya. Unasema hilo ndilo linalokuliza.
Nawe ukaniuliza, kwa ule mwandiko wa kutetemeka:
ninyi mmewezaje kubaki?

Dada, sisi hatukujua kwamba tunabaki.
Tulikuwa tunafagia.

Tuko kumi na tisa. Tulikuwa ishirini na wawili,
mpaka karani wa benki akahamishiwa Tanga, na mkewe, na kichanga.
Kanisa letu hujaa na kupwa kwa barua za uhamisho:
polisi, mwalimu wa hesabu, mkunga.
Hatujawahi kuwa wengi, kwa hiyo uchache
hatuuiti msiba. Tunauita Jumapili.

Hapa hakuna anayeuliza kama Mungu yupo.
Wanauliza kama tutakuja mazikoni.
Tunakwenda. Nakaa jamvini na Bi Mize, tunachambua mchele,
midomo yake ikitembea na tasbihi,
yangu nayo haikai bure.
Nikikosea chenji dukani hawasemi "Anastela."
Wanasema, "yule wa kanisani."
Hiyo ndiyo mimbari niliyopewa.
Kwenu, nadhani, hakuna hata anayewahesabia chenji.
Labda hilo ndilo baridi usemalo.

Nami sina la kujivunia. Mwanangu Gaudensi
yuko huko huko kwenu, mwaka wa tatu, anasomea uhandisi wa maji.
Nilimuuliza kwenye simu anasali wapi.
Akanyamaza, kisha: "Mama, sina ugomvi na Mungu.
Nimesahau tu alikokuwa ameketi."
Nikakata simu, nikaenda kusugua kikombe cha Komunyo
ambacho tayari kilikuwa kinang'aa.

Hivyo nami naomba. Umetupa kengele;
sina kengele ya kukurudishia.
Namba yake iko nyuma ya karatasi hii.
Usimhubirie, ana mbio kama babake.
Mwite ale. Supu tu. Mchelewe mezani.
Asipouliza kitu, mwongeze supu.
Na mmoja wa wale wa kwenye kamba, akichoka, naye mwite.
Labda ndivyo ilivyoanza popote: watu watatu, chungu kimoja,
na ufunguo usio na mlango.

Tumeigonga Jumapili iliyopita, kwa nyundo ya Hamadi,
maana ulimi wake haukuwamo sandukuni.
Mara tatu tu, saa tatu, kama tulivyoafikiana na sheha.
Wajukuu wa Bi Mize walikuja kuhesabu.
Maandishi yake hatuyajui, tumesoma mwaka tu.
Ina sauti kama ya mtu mwenye mafua.
Niambie: ilikuwa hivyo hata kwenu,
au ni safari?