Picha ya Pili

Walinipiga picha ya ubongo mara mbili:
kabla ya mimba, kwa hiari yangu, nauli juu yao,
na tena Februari, Zuwena akiwa na wiki kumi na moja,
amelala kwenye kigari nje ya mlango,
muuguzi akikisukuma kwa ncha ya kiatu.

Daktari akaziweka ubavu kwa ubavu kwenye kioo.
Akakohoa. "Hapa," akasema, "na hapa, pamepungua,"
kama fundi anayemwambia mwenye nyumba kuwa paa linavuja.

Nikacheka. Kupungua nilikwishakujua.
Nimeziweka funguo kwenye friji, chini ya giligilani.
Nimesimama Wellingborough Road, manyunyu yakininyea,
nalitafuta jina la jirani yangu wa miaka sita
kama mgeni anayepapasa swichi gizani.
Nimesahau nambari ya kadi mbele ya foleni nzima,
na foleni ya hapa hailalamiki,
hushusha pumzi tu.
Nikampigia mama Unguja. Akanambia,
"Akili ni nywele, mwanangu, kila mtu ana zake."
Na zangu, mama? Zinang'oka kwa mafungu.
Zimeziba tundu la bafu.

Lakini mimi ni mkata ngozi.
Mwaka wa tisa huu, kiwanda cha viatu, Northampton.
Mzee Clive ndiye aliyenipa kisu:
usikate, alisema, mpaka uisome kwa kidole gumba,
penye kovu la seng'enge, penye tumbo lililolegea.
Ngozi nzima ikitandazwa mezani ni kubwa, ina fahari,
wala haivaliki.
Huwezi kutia mguu ndani ya ng'ombe.
Kisu hupita. Mabaki huangukia kapuni.
Kinachosalia ni kidogo,
na kina mguu wake.

Sisemi kwamba hakuna kilichopotea.
Yule aliyekuwa akisoma gazeti mpaka tangazo la mwisho,
aliyejua saizi za kalibu zote bila daftari,
siku hizi simwoni.
Simlilii kila siku.
Jumanne, pengine.

Haya sikumwambia daktari. Alikuwa na kalamu mkononi,
ananieleza kwamba hawajajua bado
kama hiyo ni hasara au ni maandalizi,
ndipo nikajikuta nimesimama, kiti kimeanguka nyuma yangu.
"Kuna nini?" akauliza.
Mlangoni hakikusikika chochote.
Gurudumu la kigari lilikuwa likienda na kurudi vilevile.
Blauzi yangu, upande wa kushoto, ilikwisha lowa.

Tukatazamana, mimi na yeye,
na zile bongo zangu mbili pale kwenye kioo,
nono na nyembamba.

Kisha, kwa kuchelewa,
Zuwena akalia.

Nilitoka mbio. Mwavuli
nikauacha humo humo.