Risasi Kumi na Nne

Kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimeshika kutu.
Nazimwaga kwenye mkeka: kumi na nne,
kama korosho zilizobanguliwa vibaya,
nyingine zang'aa, nyingine zimeota ukijani shingoni.

Kibali kimegongwa muhuri jana, Liwale mjini:
pongo mmoja, dume, basi.
Bunduki ni ya marehemu baba, mzee Likwati,
thelathini-sifuri-sita,
kitako kimefungwa mpira wa baiskeli.

Hizi zilizovikwa shaba mpaka puani
alizinunulia nyati waliovamia mpunga.
Ngumu. Hazijui kusimama.
Mwaka wa njaa alimpiga nayo pongo, ng'ambo ya Mbwemkuru.
Iliingia huku, ikatokea kule, tundu la sindano,
na mnyama akaondoka kama aliyeitwa na mtu.
Siku mbili tulifuata damu,
tone hapa, tone kule, juu ya majani ya mninga.
Siku ya tatu tulikuta pembe na nyayo za fisi.
Baba hakula jioni ile. Alisema tu:
"Nimemkopesha maumivu, na hana pa kuyarudisha."

Hizi nyingine ncha yake ni laini,
ukucha unaacha alama.
Zipo za greni mia mbili na ishirini.
Hizo huvunja bega, na bega ndiyo nyama;
mama alikuwa akiwatupia mbwa damu iliyovilia,
sufuria nzima, midomo kaibana.

Mjomba Chitanda anachungulia mlangoni.
"Beba kubwa, Somoe.
Hakuna aliyewahi kulalamika kwa kufa mno."
Simjibu. Yeye hachinji.

Mimi ndiye nitakayefika na kisu.
Nataka ya kumlaza, siyo ya kummaliza,
inibakizie pumzi moja kooni mwake
nilitaje Jina juu yake akiwa hai,
majirani wale bila kuniuliza.

Mia na themanini, basi. Naifuta kwa pindo la kanga,
naitikisa sikioni: baruti inatembea,
mchele ndani ya kijaluba.

Natenga tatu.
Moja ya mkorosho mkavu nyuma ya choo,
hatua themanini, nijue bunduki inavutia wapi.
Moja ya pongo.
Ya tatu ni ya aibu, ikibidi.

Nairudisha ya tatu koponi.
Nafunika.
Nafunua, naitoa tena.